Kilicho Chako na Kilicho cha Watu: Vifaa vya Kielektroniki Mbele ya Forodha

Msafiri anayerejea Unguja kutoka Maskati, Dubai, London au Toronto huja na mizigo ya aina mbili: iliyo yake na iliyo ya watu. Iliyo yake ni simu aliyonayo mfukoni, kompyuta mpakato anayofanyia kazi, na pengine kamera. Iliyo ya watu ni simu mpya ya mpwa aliyemaliza skuli, televisheni ya mama, kishikwambi cha mtoto wa jirani, na spika ambayo shemegi alikwishaituma fedha zake miezi mitatu kabla. Ndani ya begi vyote hukaa pamoja. Mbele ya ofisa wa forodha hutengana, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya msafiri wa kawaida, asiyekuwa mfanyabiashara na asiyekuwa na wakala. Linaeleza namna sheria inavyovigawa vifaa hivyo, gharama zinazoweza kumkuta msafiri, karatasi anazopaswa kuzishika, na haki alizonazo pale kifaa chake kinapozuiliwa.

Forodha si jambo geni kwa wakaazi wa Mji Mkongwe. Bustani ya Forodhani, ambako leo watu huenda jioni kula mishikaki na kunywa maji ya miwa, ilipata jina lake kutokana na forodha iliyokuwa ufukweni hapo. Katika zama za Sayyid Said ukusanyaji wa ushuru wa bandari ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na Jairam Shivji ndiye aliyejulikana zaidi miongoni mwao. Wakati huo waliolipa walikuwa wenye majahazi na shehena za pembe na karafuu. Leo milango mikubwa ya forodha kwa msafiri wa Unguja ni miwili: Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume na Bandari ya Malindi, na anayesimama kwenye mlango huo aghlabu ni mtu mwenye mabegi mawili na boksi moja.

Nani anatoza, na kwa sheria ipi

Wasafiri wengi huchanganya taasisi mbili zenye majina yanayofanana. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ambayo kabla ya mwaka 2022 iliitwa Bodi ya Mapato, husimamia kodi za Zanzibar zisizo za Muungano. Mwenye hoja kuhusu kifaa kilichozuiliwa uwanjani au bandarini basi aanzie forodha, yaani TRA. Kwenda kwingine ni kupoteza siku, na siku, kama tutakavyoona, zina hesabu yake.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo ni moja kwa Nchi Wanachama, kwa hiyo kanuni za msingi anazokutana nazo msafiri Unguja ndizo zile zile za Mombasa na Entebbe. Sehemu inayomhusu zaidi abiria ni Jedwali la Tano, ambalo limeorodhesha vitu vinavyosamehewa ushuru. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, iko mbali na hapo: Zanzibar ina sheria yake ya VAT tangu mwaka 1998, na Tanzania Bara ina yake. Tofauti hiyo haimsumbui mtu anayeshuka kwenye ndege akaishia Mwanakwerekwe. Humsumbua yule anayepanda boti kesho yake kwenda Dar es Salaam.

Sheria huangalia makaazi

Swali la kwanza la forodha ni hili: unaishi wapi? Rangi ya pasipoti haiamui. Mzaliwa wa Vuga mwenye pasipoti ya Uingereza anayekuja kwa wiki tatu ni mgeni wa muda, na raia wa kigeni anayeishi na kufanya kazi Paje ni mkaazi anaporejea. Watu wetu walioko Omani hulikosea jambo hili mara nyingi, kwa sababu moyoni wanakuja nyumbani.

Mgeni wa muda, yaani anayekuja kwa ziara isiyozidi miezi mitatu, husamehewa ushuru kwa vitu visivyo vya kuliwa wala kumalizika ambavyo ni vya matumizi yake katika ziara na ambavyo anakusudia kuondoka navyo. Simu yake, kompyuta yake, kamera yake na kishikwambi cha mtoto wake vinaingia humo bila ya shida. Maneno yenye uzito ni hayo ya mwisho: anakusudia kuondoka navyo.

Tuchukue mfano. Kijana amekuja kutoka Maskati kwa likizo na kompyuta mpakato yake. Siku ya kuondoka, binamu yake anayesoma chuo kikuu anamwambia, “Kaka, hiyo niachie, wewe utanunua nyengine.” Anaiacha. Kwa desturi zetu huo ni wema, na hakuna atakayeuona vyengine. Kwa sheria, kifaa kilichoingia kwa msamaha wa mgeni kimebadilika hadhi. Kifungu cha 119 cha sheria tuliyoitaja kinasema kwamba kitu kilichosamehewa kwa ajili ya mtu fulani au matumizi fulani, kikitolewa kwa namna isiyolingana na msamaha huo, hudaiwa ushuru. Kwa kompyuta hatari ni ndogo kwa sababu tutakayoieleza kwenye hesabu. Kwa televisheni, au kwa kamera ya gharama kubwa, inafaa mgeni aamue mapema. Kama anajua tangu Maskati kwamba kifaa kitabaki Unguja, akitamke hivyo hivyo anapofika.

Mtu anayehamia moja kwa moja, baada ya miaka ya kuishi ughaibuni, ana nafasi pana zaidi. Vyombo vya nyumba alivyokuwa akivitumia kule alikotoka, pamoja na televisheni, friji na mashine ya kufulia, vinaweza kuingia kwa msamaha. Atahitaji kuthibitisha kwamba kweli amehama: mkataba wa nyumba uliovunjwa, barua ya mwajiri, kibali cha ukaazi kilichofutwa, na orodha ya vyombo aliyoiandaa kabla ya kupakia. Vyombo kumi na viwili vya aina moja ndani ya maboksi havitaaminika kuwa ni vya nyumba moja, hata mwenyewe aape.

Kundi la tatu ni la wakaazi wanaorejea safarini, na hilo ndilo kubwa. Mkaazi anayerejea husamehewa nguo na vitu binafsi au vya nyumbani ambavyo vimekuwa katika matumizi yake. Hapa pia kila neno lina uzito. Sheria inasema vilivyotumika, na kufungua boksi si kutumia.

Kuhusu maboksi na risiti

Upo ushauri unaozunguka miongoni mwa wasafiri: simu mpya itoe kwenye boksi, boksi litupe, risiti ichane, laini itie ndani, useme ni yako. Ushauri huu unapendwa kwa sababu mara nyengine hupita. Kwa maslahi ya mtumiaji ni ushauri mbaya, na si kwa sababu ya uongo wake peke yake.

Kwanza, anayechana risiti anachana ushahidi wa bei. Forodha hukadiria thamani kwa kuanzia na bei iliyolipwa kweli. Bei hiyo isipothibitishwa, ofisa huhamia njia nyengine zilizowekwa na sheria, kama vile thamani ya bidhaa zinazofanana zilizokwishaingia. Msafiri aliyenunua simu kwa punguzo la nusu bei pale Deira anaweza kujikuta akikadiriwa kwa bei ya simu ile ile isiyo na punguzo, na hana cha kujibu. Pili, amepoteza dhamana ya mtengenezaji, na kifaa kikiharibika baada ya mwezi hana pa kukipeleka. Tatu, kutoa tamko la uongo kwa forodha ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 203, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola za Marekani 10,000. Hakuna simu yenye thamani hiyo.

Kwa upande mwengine, mkaazi aliyetoka na kompyuta yake Unguja hana sababu ya kuhofu anaporudi nayo, ila awe na cha kuonyesha. Risiti ya duka la hapa, hata picha yake kwenye simu, inatosha kwa vifaa vya kawaida. Mwenye vifaa vya thamani kubwa, kama mpiga picha wa harusi anayekwenda kufanya kazi Mombasa au Muscat na kamera tatu na taa zake, afike forodha kabla ya kuondoka na orodha yenye namba za utambulisho za kila kifaa, aombe ithibitishwe. Karatasi hiyo moja itamwokolea nusu siku anaporejea. Vivyo hivyo mtaalamu wa kigeni anayekuja na vifaa vya kazi kwa muda anaweza kuviingiza kwa utaratibu wa uingizaji wa muda, ambao kwa kawaida hutaka vifaa vitoke tena ndani ya miezi 12, na huweza kuambatana na dhamana ya fedha.

Vitu vipya na kiwango cha dola

Je, msafiri hana ruhusa ya kuleta chochote kipya? Anayo. Jedwali la Tano linaweka kiwango cha thamani, kwa dola za Marekani, ambacho kila msafiri anaweza kuja nacho bila ya kulipa ushuru. Kiwango hicho kilianza na dola 300, kikapandishwa kuwa dola 500, na ni miongoni mwa mambo ambayo Jumuiya hurudi kuyatazama. Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, uliza ofisi ya forodha kiwango cha siku hiyo. Usishike alichokuambia jirani aliyesafiri miaka minne iliyopita.

Wengi hawakukijua kabisa kiwango hiki hadi Novemba 2023, pale Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri kuwa vitu vyenye thamani ya zaidi ya dola 500 vitatozwa. Kelele zilizofuata zilifika hadi kwa mawaziri wa huko, na watu wengi waliamini kuwa sheria mpya imetungwa usiku mmoja. Sheria ilikuwepo kwa miaka mingi; kilichokuwa kipya ni kutajwa kwake hadharani.

Masharti ya msamaha huu hayasomwi sana, nayo ni muhimu. Vitu viwe mikononi mwa msafiri au katika mizigo aliyokuja nayo, na avitamke mwenyewe kwa ofisa. Boksi lililotumwa kwa kago wiki mbili baadaye halimo. Anayepita njia ya kijani akiwa na kitu cha kutamka amejitoa kwenye msamaha kwa miguu yake. Aidha, msamaha ni kwa ajili ya mtu na nyumba yake. Simu sita za aina moja zitaonekana kuwa ni bidhaa, na bidhaa zina njia yake.

Hesabu ilivyo

Inapobidi kulipa, inafaa msafiri aijue hesabu kabla ya kuambiwa jumla. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulianza na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35. Kompyuta, ikiwemo mpakato, imo katika asilimia 0. Televisheni imo katika asilimia 25. Hii ndiyo sababu mwanafunzi mwenye kompyuta mpya hulipa kidogo au halipi ushuru kabisa, na mwenye televisheni ya bei ile ile hushangaa.

Tuseme televisheni imenunuliwa kwa dola 350, na usafirishaji pamoja na bima ni dola 50. Thamani ya forodha ni dola 400. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 100. VAT huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani dola 500. Kwa kiwango cha Zanzibar cha asilimia 15 ni dola 75. Jumla ni dola 175, kabla ya tozo ndogo ndogo ikiwa zipo. Mtu aliyefurahi kununua Dubai kwa dola 350 anamaliza na televisheni ya dola 575. Kabla ya kubeba, basi, apite kwanza Darajani au Mlandege aulize bei. Mara nyengine ataikuta pale pale kwa pungufu ya hiyo, ikiwa na dhamana ya muuza duka anayejulikana kwa sura.

Jambo jengine la kutazama kwenye televisheni na vifaa vya jikoni ni umeme wenyewe. Umeme wetu ni wa volti 230 na soketi za mtindo wa Kiingereza. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Kanada pekee hutaka volti 120, na kukichomeka moja kwa moja Unguja ni kukiunguza. Ushuru uliolipwa hautarudishwa kwa sababu hiyo. Chaja nyingi za simu na kompyuta hukubali volti zote, na huandikwa hivyo kwa maandishi madogo ubavuni mwake. Soma kabla ya kulipa.

Malipo halali hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, kupitia benki au simu, na humpatia mlipaji stakabadhi. Asitoe msafiri fedha taslimu mkononi mwa mtu yeyote, awe amevaa sare au hakuvaa. Vishoka wanaozunguka maeneo ya bandari na kuahidi “kuutoa mzigo leo leo” hawana kiti wala anwani siku mambo yanapoharibika. Mzigo unaohitaji wakala upewe wakala wa forodha mwenye leseni, na leseni hiyo iombwe ionekane.

Vifaa vinavyotaka ruhusa zaidi ya ushuru

Ndege ndogo zisizo na rubani, maarufu droni, zimewaliza watalii wengi na vijana wetu wanaopiga picha za fukwe. Kulipa ushuru hakutoshi. Droni Tanzania huhitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa na usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na bila ya hivyo huzuiliwa mlangoni. Redio za upepo na vifaa vya mawasiliano ya setilaiti huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Vibali hivi huombwa kabla ya safari, kwa maana dirisha la forodha halitoi kibali cha taasisi nyengine.

Simu zina kisa chake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu zote bandia nchini, na wengi waliamka na kifaa kisichoweza hata kupiga. Tangu hapo simu yenye namba tambulishi isiyo halali haina maisha katika mitandao yetu. Kabla ya kulipa, popote pale duniani, bonyeza *#06# na namba ya tarakimu 15 itatokea. Ilinganishwe na ile iliyoko kwenye boksi. Ukiwa nchini unaweza kuituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili ujue imesajiliwa kwa aina gani ya simu. Muuzaji wa mkononi anayekataa simu isiwashwe amekwishajibu swali.

Amana za watu

Kukataa amana ni jambo zito kwetu. Mtu amekaa Muscat miaka saba, amesikia unakwenda Unguja, amekuja mpaka mlangoni na kiboksi kidogo cha kumpelekea dada yake. Utamwambia nini? Mwambie akifungue. Kwa forodha mwenye begi ndiye mwenye kilichomo, na neno “nimepewa tu” halimwondolei mtu jukumu la ushuru wala la kosa, hata awe mkweli kiasi gani. Chukua risiti ya kifaa, piga picha namba yake, na mkubaliane kwa maneno ya wazi nani atalipa ushuru ukidaiwa. Kumbuka pia kuwa thamani ya amana inakula kiwango chako wewe. Simu mbili za watu zinaweza kukimaliza, na zawadi uliyomnunulia mama ikawa ndiyo inayotozwa.

Mlango wa pili: boti ya Dar es Salaam

Unguja imekuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi miaka ya 1990. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, maduka ya mjini yalijaa redio, kanda na video kutoka Dubai, na watu wa Bara wakazoea kuvuka kuja kununua. Mazoea hayo hayajafa, na yameacha mgogoro unaojirudia katika mazungumzo ya hoja za Muungano: abiria aliyenunua televisheni Darajani anafika bandari ya Dar es Salaam na kuambiwa alipe tena.

Kwa nini? Ushuru wa forodha ni mmoja kwa nchi nzima, na uliolipwa Malindi umelipwa. Yanayobaki ni mambo mawili. La kwanza ni VAT, kwa kuwa viwango vya pande mbili hutofautiana. Katika mfano wetu wa juu, asilimia 18, ambayo ni kiwango cha kawaida cha Bara, juu ya dola 500 ni dola 90. Aliyelipa dola 75 Unguja ana tofauti ya dola 15. La pili, na ndilo huongeza ukubwa wa dai, ni ukadiriaji wa thamani: kifaa kikiwa kilithaminiwa chini huku na kikathaminiwa juu kule, tofauti huhesabiwa upya. Kwa anayelipa, yote mawili huonekana kuwa ni kodi mara mbili. Hatuwezi kumlaumu kwa kuona hivyo, kwani nchi ni moja na boti ni ya saa mbili.

Hadi jambo hilo litakapokwisha kabisa, kinachomsaidia abiria ni kutofautisha vitu vyake vya matumizi na bidhaa, kwa karatasi. Kompyuta unayofanyia kazi na simu unayopigia si bidhaa, na huna haja ya kuvificha. Kwa kifaa kipya kilichonunuliwa dukani Unguja, dai risiti ya kielektroniki yenye jina lako, aina ya kifaa na namba yake. Risiti ya mkono iliyoandikwa “TV 1” haitakusaidia kitu. Kwa kifaa ulichokiingiza mwenyewe kutoka nje, chukua nakala ya makadirio ya forodha na stakabadhi ya malipo, na uibebe pamoja na kifaa, isiachwe kabatini Kikwajuni. Kwa kifaa kikubwa, uliza ofisi ya forodha Malindi siku moja kabla ya safari. Hamali akishakiweka ndani ya boti, umechelewa.

Kifaa kikizuiliwa

Kuzuiliwa si kutaifishwa. Ofisa anaweza kukizuia kifaa hadi ushuru ulipwe au kibali kionyeshwe, na hapo msafiri ana haki ya kupewa hati yenye jina lake, maelezo ya kifaa, namba yake na sababu ya kuzuiliwa. Asiondoke bila ya hati hiyo, hata kama ndege ya jamaa inasubiriwa nje na gari imewashwa. Anayeondoka na ahadi ya mdomo tu atashindwa kesho kuthibitisha kuwa kifaa kilikuwepo.

Kutaifisha kuna utaratibu mwengine. Chini ya kifungu cha 214, mwenye mali iliyokamatwa ana mwezi mmoja wa kuandika kwa Kamishna kwamba anaidai. Muda huo huhesabiwa tangu siku ya kukamatwa, ikiwa alikuwepo, au tangu siku ya kupewa taarifa. Mwezi ukipita kimya, sheria inachukulia kuwa mali haina mdai. Watu hupoteza vifaa kwa njia hii wakiwa na haki kamili, kwa sababu walikaa wakimngojea mjuani wao awapigie simu.

Aliyekadiriwa kiasi asichokubaliana nacho, au aliyenyimwa msamaha anaoamini kuwa ni wake, anaweza kuomba mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Ombi huwa kwa maandishi na hueleza sababu. Haihitajiki lugha ya kiwakili: eleza ulitoka wapi, uliishi huko muda gani, kifaa ni kipi, ulikinunua lini na kwa bei gani, na uambatanishe risiti, tiketi na hati ya kuzuiliwa. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Jibu lisiporidhisha, zipo siku 45 za kukata rufaa katika chombo cha rufaa za kodi.

Nakala ya kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na msafiri abaki nayo. Ofisi ikisema mhuri haupo leo, arudi kesho asubuhi, lakini ndani ya siku hizo 30.